Mwalimu Akiona, Aripoti

Ufukweni Muhuru Bay, Kaunti ya Migori, Kenya, mwalimu huanza kusoma ishara kabla hajashika chaki. Usiku usio na mbalamwezi taa za wavuvi wa omena huwaka ziwani. Mvulana anayesinzia darasani asubuhi yake huenda alikesha mtumbwini. Hiyo ni ajira ya watoto. Lakini msichana anayevaa sweta jua la saa saba, anayeketi kwa shida na anayeogopa kengele ya kurudi nyumbani, huenda anaficha makubwa zaidi. Pengine mpishi au bawabu wa shule ndiye atakayemwona kwanza.

Mwalimu si mpelelezi. Amsikilize mtoto faraghani, aandike maneno yake yalivyo, wala asimwahidi siri. Kisha aripoti. Waraka nambari 3 wa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) wa mwaka 2010 unampa saa 24 kuripoti dhuluma ya kingono, na anayenyamaza huadhibiwa. Saa hizo ni uhai: dawa za kuzuia maambukizi ya HIV sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita tangu tukio.

Kikwazo ni kikao cha kupatana, ambapo unajisi hulipiwa fidia na kesi kufa. Naye mwalimu aliyeripoti huishi kijiji kimoja na mtuhumiwa. Basi shule iripoti kama taasisi, kwa polisi na afisa wa watoto, na nambari 116 ya simu ya msaada kwa watoto, isiyotozwa ada, ibandikwe kila darasa. Sheria tunayo; tumlinde anayeitekeleza.