Jumba Lililopewa Jina la Mgeni



Msafiri atokaye Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, akielekea kaskazini kwa motokaa, hupita nchi ya jangwa yenye jua kali na mipungate mirefu kama miti. Baada ya maili 90 hivi huteremka katika bonde la mto Verde, na hapo, karibu na kijito kiitwacho Beaver Creek, huona jambo la ajabu. Katika genge la mawe ya chokaa, yapata futi 90 juu ya bonde, pana nyumba ya orofa 5 na vyumba 20, imejengwa ndani ya pango mfano wa kiota cha mbayuwayu.

Walioijenga walikuwa wakulima, nao walikaa humo tangu mwaka 1100 hivi hata karibu na 1425. Hawakuwa na chuma wala punda. Mawe, udongo na magogo ya dari vyote vilipandishwa kwa nguvu za watu, na njia ya kuingilia ilikuwa ngazi. Pango liliwakinga na jua na mvua, wala mafuriko ya kijito hayakuwafikia. Chini walilima mahindi, maharagwe na pamba.

Lakini Wazungu walioliona jumba hilo katika karne ya 19 walidhani linahusiana na Montezuma, mfalme wa Waazteki wa Mexico, wakaliita Montezuma Castle. Walikosea. Montezuma hakuwahi kufika huko, na jumba lilikuwa limekwisha kuhamwa kabla hajazaliwa. Hata hivyo jina limebaki mpaka leo.

Tena si jina tu lililopotea. Serikali ya Marekani ilipoliweka jumba chini ya ulinzi mwaka 1906, vyombo vya wenyewe vilikuwa vimekwisha kuporwa, vikabaki vichache mno. Wageni wakaendelea kupanda ngazi na kuingia, hata mwaka 1951 wakakatazwa, kwa kuwa kuta zilikuwa zikiharibika. Sasa hutazama kutoka chini.

Kabila la Wahopi, wakaao Arizona hata leo, huwahesabu wakazi wale kuwa miongoni mwa wazee wao. Basi afikaye mahali kama hapo asiseme kwamba wenyewe wametoweka, wala asikimbilie kutafuta mfalme wa mbali wa kumpa sifa. Kwanza na awaulize wajukuu wa waliojenga.