Tuandike Kabla Wazee Wetu Hawajaondoka

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wazee wa jumuiya yetu iliyoko Uingereza, baada ya sala ya Adhuhuri.)



Wazee wangu, ndugu zangu, mama zetu na dada zetu. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyetukusanya leo katika nyumba Yake. Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya miji na vijiji vya nchi hii tunayoishi, nami naona heri nianzie kaburini.

Miezi miwili iliyopita tulimzika mzee wetu ambaye wengi wenu mlimjua kwa sauti yake ya adhana. Karani wa makaburi alituuliza maswali mepesi: marehemu alizaliwa mji gani, ndugu zake wa kwao ni akina nani, na alifika nchi hii mwaka gani. Tulikuwa watu zaidi ya arobaini, na sote tulitazamana. Mwanawe alitaja jina la nchi tu, kijiji hakukijua. Mzee yule alisali nasi zaidi ya miaka thelathini, bega kwa bega, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Aibu ile ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Mimi nilifika mwaka 1974, katika mji mdogo wa viwanda vya pamba huko Lancashire. Vijana wetu hawawezi kuuona mji ule tena. Nyumba zilikuwa za mawe, zimeshikana safu kwa safu, nyeusi kwa moshi wa miaka mia moja, na juu yake ilisimama minara ya mabomba ya viwanda. Asubuhi mwuza maziwa aliacha chupa mlangoni. Ndani ya nyumba mita ya gesi ililishwa sarafu. Sarafu ikiisha, moto huzimika na baridi huingia bila kubisha hodi. Msikiti wetu ulikuwa chumba cha mbele cha nyumba mojawapo ya zile, tumetandika shuka nyeupe sakafuni, na siku ya Idi tulisali kwa zamu, wa kwanza wakitoka ili wa pili waingie.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kiingereza aliyefanya kazi ya kufuma nguo tangu ujana wake. Alikuwa akinisimulia jinsi alfajiri viatu vya mbao vya wafanyakazi vilivyogonga mawe ya barabara, mtaa mzima ukilia kama mvua ya mawe. Alinisimulia juu ya mtu aliyelipwa kupita na fimbo ndefu, akigonga madirisha ya juu ili watu waamke kwenda kazini. Nilicheka, nikamwambia kwamba kwetu pwani nasi tunaye mtu wa namna hiyo, apitaye na ngoma mwezi wa Ramadhani kuwaamsha watu wale daku. Naye akacheka. Alinieleza pia wiki ya mapumziko ya kiangazi, ambapo viwanda vyote vya mji vilifungwa pamoja, na watu wakapanda treni kwenda Blackpool, hata mji ukabaki mtupu.

Lakini bibi yule hakunificha machungu. Kelele za mitambo ya kufuma ziliwafanya wanawake wengi kuwa viziwi wakingali na nguvu zao, wakajifunza kusemezana kwa kutazamana midomo. Ndugu zangu, kumbukumbu ina tabia ya kupaka asali mahali palipokuwa na shubiri. Mwenye kusimulia kwa haki hutaja yote mawili.

Jioni moja maktaba ya mji iliwaita wazee ili masimulizi yao yaandikwe. Nilimsindikiza bibi yule. Alipomaliza, mwenye kuandika alinigeukia akaniuliza kwa upole: "Na watu wenu, nani anayewaandika?" Sikuwa na jibu. Nakiri mbele yenu kwamba hata leo sina jibu zuri.

Watu wa nchi hii wana desturi ambayo sisi tunapaswa kuitazama kwa makini. Mwaka 1085 mfalme wao aliamuru mashamba, majembe ya kulimia na vinu vya sehemu kubwa ya Uingereza viandikwe kijiji kwa kijiji, na kitabu kile kipo mpaka leo. Mwaka 1538 iliamriwa kila parokia iwe na daftari la waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Ni kweli kwamba watawala waliandika kwa faida yao, ili watoze kodi na kuwajua raia. Lakini baadaye watu wa kawaida waliichukua kalamu. Katika kijiji cha Blaxhall, Suffolk, George Ewart Evans aliketi na majirani zake wazee waliokuwa wamelima kwa farasi na kuvuna kwa miundu mirefu, akasikiliza na kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1956, wakati trekta lilikuwa limekwisha kumwondoa farasi shambani. Lau angalichelewa miaka ishirini, angaliikuta mawe ya makaburi peke yake.

Viko vijiji vilivyobaki katika maandishi na nyoyo tu. Tyneham, katika pwani ya Dorset, kilihamishwa Desemba 1943 ili jeshi lipate mahali pa mazoezi ya vita. Wenyeji walibandika karatasi kwenye mlango wa kanisa, wakiomba nyumba zao zitunzwe kwa kuwa walitumaini kurudi. Hawakurudi. Leo paa zimeanguka, lakini katika shule na kanisa mgeni husoma habari za watu waliokuwa wakiishi pale. Na huko Wales, kijiji cha Capel Celyn kilifunikwa na maji mwaka 1965, pamoja na shule yake, kanisa lake na mashamba yake, ili mji wa Liverpool upate maji. Wenyeji walipinga kwa miaka mingi wasisikilizwe. Mwaka 2005 baraza la mji wa Liverpool liliomba msamaha. Maji hayakuondoka, lakini dhuluma ilikiriwa, na ilikiriwa kwa sababu wenyewe hawakukubali isahauliwe.

Nimeutaja mji wa Liverpool, basi nikae hapo kidogo, maana una habari inayotuhusu sisi Waislamu.

Wakili mmoja wa mji ule, William Henry Quilliam, alisilimu mwaka 1887 baada ya kusafiri Morocco, akaitwa Abdullah. Alianzisha jumuiya ya Waislamu, na mwaka 1889 wakaingia katika nyumba ya Brougham Terrace, wakaifanya msikiti. Wenyeji wengi, wake kwa waume, walisilimu hapo. Walitukanwa na kutupiwa mawe, lakini waliwalisha watoto maskini wa mji na kufungua nyumba ya kulelea watoto. Tangu mwaka 1893 walichapa gazeti la kila wiki, The Crescent, wakitaja nani amesilimu, nani ameoa, nani amefariki na nani ametoa mchango.

Mwaka 1908 Quilliam aliondoka kwenda Istanbul. Jumuiya iliyomtegemea mtu mmoja ikatawanyika. Nyumba iliuzwa, ikawa ofisi ya mji ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Tafakarini jambo hilo, ndugu zangu: kwa miaka mingi maelfu ya watu waliingia katika nyumba ile ili majina yao yaandikwe, na wengi wao hawakujua kwamba hapo palikuwa na adhana.

Ni kitu gani kilichoifufua habari hiyo? Ni gazeti lile. Majengo yalibadilishwa, watu wakafa, watoto wao wakapotelea katika umati. Lakini karatasi za The Crescent zilihifadhiwa, na watafiti walipozifungua walikuta majina na tarehe. Waislamu wa leo wa Liverpool wakajua ni nyumba gani waitafute. Mwaka 2014 pakasaliwa tena mahali pale, baada ya miaka zaidi ya mia moja. Alhamdulillahi. Nadhani wale waliokuwa wakiandika habari fupi za kila wiki, fulani kapata mtoto, fulani kasafiri, hawakujua kwamba wanaandika wasia.

Mwaka ule ule wa 1889, msikiti mwingine ulijengwa Woking, mji mdogo kusini-magharibi ya London. Aliyeujenga ni Gottlieb Leitner, msomi wa lugha mzaliwa wa Pest huko Hungary, kwa msaada wa Begum Shah Jahan, mtawala mwanamke wa Bhopal. Leitner alipofariki mwaka 1899, msikiti ule nao ulikaa kimya, hata mwaka 1913 ulipofufuliwa na Khwaja Kamal-ud-Din, wakili kutoka Lahore. Yeye naye alianzisha jarida mara moja. Karibu na hapo, katika uwanda wa Horsell, palitengwa makaburi ya askari Waislamu kutoka India waliokufa katika Vita Kuu ya kwanza, wengi wao wakiwa wametibiwa katika hospitali za kusini. Baadaye mahali pale palipuuzwa na kuharibiwa, na miaka ya 1960 miili ikahamishiwa makaburi ya Brookwood. Mwaka 2015 pakafunguliwa bustani ya amani, yenye miti ishirini na saba kwa ajili ya watu ishirini na saba waliozikwa pale. Majina yao yalikuwa yameandikwa. Ndiyo maana miti iliweza kuhesabiwa.

Na sasa mniruhusu niwataje wenzetu wa baharini. South Shields, mji wa bandari kaskazini-mashariki, ulipokea mabaharia kutoka Yemen tangu mwisho wa karne ya 19, watu waliochochea makaa katika matumbo ya meli. Mwaka 1919 na mwaka 1930 palitokea ghasia dhidi yao kwa sababu ya kazi. Walivumilia, wakaoa, wakabaki. Mwaka 1977 bondia Muhammad Ali alifika katika msikiti wao, akaombewa dua kwa ndoa yake. Nakumbuka habari ile ilivyotufikia kiwandani kwetu. Tuliokuwa tukisali nyuma ya marobota ya pamba tulitembea vichwa juu wiki nzima. Mwaka 2008 picha na masimulizi ya wachache waliobaki wa mabaharia wale vilionyeshwa katika mji jirani wa Gateshead. Wajukuu walisimama mbele ya picha za babu zao wakiwasikiliza. Wale waliokuwa wamekwisha kufa, sauti zao hazikupatikana.

Ndugu zangu wapendwa, huenda mtu akauliza: mambo haya yanaifaa nini dini yetu? Si kujivunia mababu ambako tumekatazwa? Najibu kwamba hatuandiki ili tuyatukuze makaburi wala ili ukoo huu ujione bora kuliko ule. Kurani Tukufu inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame habari za waliotutangulia. Nayo aya iliyo ndefu kuliko zote, katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandika: watu wakikopeshana waandike, waweke mashahidi, wala wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Ikiwa deni la fedha linastahili uangalifu huo, je, deni letu kwa wazee waliotununulia nyumba hii ya sala kwa senti za ujira wao halistahili daftari moja?

Basi naleta maombi matatu, na yote yawezekana. Kwanza, jumuiya ifungue daftari, kila mwenye umri wa miaka sitini na zaidi aandikwe: jina lake, la baba yake na la mama yake, mji na mtaa alikozaliwa, mwaka aliofika, na kazi aliyofanya. Pili, kila kijana mwenye simu akae na babu au bibi yake saa moja tu, amrekodi akizungumza kwa Kiswahili chake. Wako watoto wetu wasioielewa lugha hiyo. Hao wamchukue mtu wa kuwafasiria, na huenda hapo ndipo watakapoipenda. Tatu, nakala ya maandishi hayo ipelekwe katika maktaba ya mji huu, kwa kuwa historia yetu ni sehemu ya historia ya mji. Kama watoto wetu watahama, kama jengo hili litauzwa, karatasi zitabaki mahali ambapo mtu atazikuta.

Wala msiseme kwamba maisha yenu ni madogo. Bibi yule wa Lancashire naye alidhani hana la kusimulia. Kiwanda chake kilibomolewa, na mtaa wake si ule tena; lakini mwenye kufungua kabati ya maktaba ile bado atausikia mlio wa viatu vya mbao alfajiri.

Kuhusu mzee wetu tuliyemzika, baada ya kupekua sanduku lake mwanawe alipata barua moja kuukuu kutoka kwa dada yake, yenye jina la kijiji. Tumeandika huko, jibu halijafika. Yeye ndiye awe wa kwanza katika daftari letu, na pale penye mji aliozaliwa tuandike kile tunachokijua, tukiacha nafasi.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na wote waliotutangulia, atuwafikishe kuzishika amana zao, na awajaalie watoto wetu wajue walikotoka ili wajue waendako. Amin.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.