Timazi ni Mizani ya Ukuta



Katika sherehe hii ya kutimiza miaka kumi tumeombwa kusema machache juu ya ujenzi wa maghala yetu. Habari za saruji na mabati zimekwisha jadiliwa sana mikutanoni. Sisi tutasema juu ya vyombo vidogo vya mkono ambavyo mwashi hutumia kupangia matofali, kwa kuwa ndivyo visahauliwavyo fedha zinapopitishwa.

Cha kwanza ni mwiko, utandazao saruji iliyochanganywa na mchanga, unene wa kama sentimita 1. Sharti uoshwe kila kazi ikomapo, kabla saruji haijaukaukia.

Cha pili ni uzi. Hufungwa pembe hadi pembe, ukavutwa hata ukakaza, na kila tofali hulazwa karibu nao pasipo kuugusa. Tofali moja likiusukuma, yote yafuatayo hupinda pamoja nalo.

Cha tatu ni pima maji, kionyeshacho kama mstari umelala sawa. Lakini nacho hupimwa: kigeuzwe, ncha ya kulia ije kushoto, mahali palepale. Kiputo cha hewa kikihama, chombo hicho ni mwongo.

Cha nne ni timazi, yaani chuma kizito kining'iniacho kwa uzi. Uzi ushikwe juu, mbali kidogo na ukuta, kisha ipimwe nafasi iliyo kati ya uzi na ukuta, juu na chini. Nafasi zikilingana, ukuta umesimama wima. Ya chini ikizidi, ukuta unakuinamia wewe uliyesimama hapo.

Ndugu wanachama, jambo hili si geni kwetu. Wakulima wa pamba wa Usukuma, kabla ya shirikisho lao la Victoria kuundwa mwaka 1955, walikuwa wakinung'unikia mizani ya wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Huko ndiko ushirika wao ulikochipuka. Basi timazi ni mizani ya ukuta. Haimwogopi fundi, haimpendelei karani, na mkulima asiyejua kusoma aweza kuishika akaona kweli kwa macho yake.

Kwa hiyo twawasihi viongozi: kila ghala linapokadiriwa, vyombo hivi viandikwe katika hesabu, vinunuliwe, na vitunzwe kama mali ya Chama. Nanyi wanachama, msingoje ukuta ufike kwenye paa. Upimeni kila siku ya kazi, na kabla fundi hajalipwa. Maana saruji ikiisha kukauka, kosa halirekebishwi ila kwa kubomoa, na gharama ya kubomoa hutoka katika mazao yetu. Chini ya ukuta huo yatalala magunia ya jirani zetu wote, na watoto wetu watapita hapo.

Fundi mwema hatachukia kupimwa, kama vile karani mwaminifu asivyochukia kukaguliwa vitabu vyake.

Ushirika na udumu.