KUUNGA TELA KWA MOTOKAA YA NYUMBANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya tela. Kila mmoja wetu ajua sababu. Mfuko wa kusaidiana wa tawi letu umenunua tela dogo la kuchukulia hema, viti na masufuria wakati wa msiba au arusi, ili mwanachama aliyefiwa asihangaike kutafuta lori la kukodi. Ndugu kadhaa wamejitolea motokaa zao za familia, hizi kubwa ziitwazo SUV, zilivute. Twawashukuru sana. Lakini nyingi za motokaa hizo zililetwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, wala hazina chuma cha kuvutia tela, wala waya za taa zake. Hapana budi vitiwe hapa, na sisi wa karakana tumepewa kazi ya kueleza jinsi ya kuvitia.

Asiwepo mtu afikiriye kwamba jambo hili ni dogo. Ndani ya gari wamo mama na watoto. Kando ya njia wapo watu waendao kwa miguu. Tela likikatika mteremkoni halina dereva, wala halina honi.

Sisi watu wa reli tulifunzwa jambo hili kwa damu ya wenzetu. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ireland, treni ya watu waliokwenda matembezi, wengi wao watoto wa shule ya Jumapili, ilishindwa kupanda mlima. Wakaamua kuikata, ili injini ipeleke kwanza sehemu ya mbele. Lakini breki za treni ile zilikuwa za namna ambayo zikitengwa na injini zaachia. Mabehewa ya nyuma yalibaki yameshikwa na breki ya mkono na mawe machache chini ya magurudumu. Injini ilirudi nyuma kidogo tu, ikayagusa, nayo yakaanza kuteremka mpaka yakagongana na treni iliyokuwa ikija nyuma. Watu wapatao 80 walikufa. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba treni za abiria ziwe na breki ambazo treni ikikatika zajifunga zenyewe.

Ndiyo sababu mpaka leo mabehewa yakiisha kuungwa treni haiondoki mpaka breki zijaribiwe. Kuunga ni nusu ya kazi, na kujaribu ni nusu ya pili. Neno letu la leo ni hilo, na mengine yote ni maelezo yake.

JAMBO LA KWANZA NI UZITO. Hesabu ya tela letu ni hii: tela tupu ni kilo 300, viti 100 vya plastiki, kila kimoja kilo 2 na nusu, ni kilo 250, hema na vyuma vyake ni kilo 150. Jumla ni kilo 700. Masufuria hayamo katika hesabu hiyo. Yakiongezwa, viti vipunguzwe. Huko Ulaya tela lisilo na breki zake lenyewe haliruhusiwi kupita kilo 750 pamoja na mzigo, nasi twashauri tusipite hapo kamwe. Tena kila gari lina kipimo chake cha kuvuta, na kila chuma cha kuvutia kina chake kilichogongwa juu ya kibati. Kilicho kidogo ndicho kifuatwe. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, kisomwe na ajuaye, au aulizwe wakala wa gari lile. Neno la muuzaji peke yake halitoshi.

Yafaa pia kupima uzito unaokalia gari pale kwenye kiungo. Uwe baina ya 5 na 10 kwa mia ya uzito wote, yaani kwa tela letu kilo 35 hadi 70, bila kupita kipimo cha kile kibati. Mwaweza kuupima kwa mizani ya kupimia watu, mkaweka gogo juu yake mpaka lifike kimo cha kiungo. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, tela huanza kuyumba kama mkia wa mamba gari likienda mbio, nalo laweza kulipindua gari.

JAMBO LA PILI NI CHUMA CHENYEWE. Magari si sawa. Toyota Prado ina chesisi chini ya bodi. Nissan X-Trail haina, bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Kwa hiyo chuma cha kuvutia kinunuliwe kilichotengenezwa kwa gari lile lile, kikafungwa kwenye matundu aliyoyakusudia mtengenezaji. Tuliletewa gari moja ambalo fundi mmoja alikuwa amechomelea chuma hicho kwenye chuma cha bampa. Kwa macho lilipendeza. Tulipomulika kwa tochi tuliona ufa umekwisha kuanza mahali pa kuchomelea, na mwenye gari alikuwa ametoka kuvuta matofali. Chuma cha bampa kimetengenezwa kikunjike gari likigongwa, hakikutengenezwa kuvuta mzigo.

Kabla ya kufunga, ondoeni matope na kutu mpaka chuma safi kionekane. Tundu lililotobolewa lipakwe rangi, lisije likaliwa na kutu. Bolti ziwe za nguvu ile iliyoandikwa katika karatasi ya maelezo, mara nyingi zenye alama 8.8 kichwani, bolti za kufungia milango hazifai kabisa. Zikazwe kwa spana ya kupima, wala si kwa kukisia kwa mkono. Zikazwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza.

Sasa gololi, yaani kile kichwa cha mviringo ambacho tela hukalia. Yetu ni ya milimita 50. Lakini ziko gololi za Kimarekani za inchi 1 na 7/8, ambayo ni kama milimita 47.6. Tofauti ni milimita mbili na kidogo tu, nayo yatosha kulifanya tela liruke katika shimo la kwanza barabarani. Angalieni namba iliyogongwa juu ya gololi, na ile iliyo juu ya kiungo cha tela. Minyororo miwili ya usalama ipitishwe kwa kupishana chini ya kiungo, ili tela likitoka kwenye gololi mtaimbo wake ulale juu ya minyororo, usichimbe ardhi.

JAMBO LA TATU NI WAYA, na hapa ndipo wengi hukosea. Plagi ya tundu saba itumikayo sana kwetu ina mpango huu:

1. Manjano: indiketa ya kushoto.
2. Buluu: taa ya ukungu.
3. Nyeupe: waya wa kurudisha umeme kwenye bodi.
4. Kijani: indiketa ya kulia.
5. Kahawia: taa ndogo ya kulia.
6. Nyekundu: taa za breki.
7. Nyeusi: taa ndogo ya kushoto.

Plagi ya Kimarekani ina mpango mwingine, msizichanganye. Wala msiamini rangi peke yake, kwa maana wako wauzaji wasiozifuata. Kila waya ujaribiwe kwa taa ya kupimia.

Katika magari ya zamani fundi aliweza kuunga waya za tela moja kwa moja kwenye waya za taa za nyuma. Katika magari ya siku hizi haifai. Taa mbili za breki za tela, kila moja wati 21, zavuta ampia 3 na nusu katika umeme wa volti 12. Kompyuta ya gari huona mzigo huo ni kosa, ikazima taa au ikaungua yenyewe, na kuinunua nyingine ni gharama kubwa. Kwa hiyo tieni kile kisanduku cha kati kinachosikiliza taa za gari na kuziwashia taa za tela umeme wake wenyewe kutoka kwa betri, kukiwa na fyuzi karibu na betri. Ondoeni waya hasi wa betri kabla ya kuanza kazi. Waya upitao kwenye tundu la bati uvikwe mpira, na upite mbali na bomba la moshi.

Mkiona taa za tela zacheza vibaya, mkikanyaga breki indiketa nayo yamulika kidogo, tazameni waya mweupe kwanza. Mara nyingi umefungwa juu ya rangi au kutu, na umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi.

JAMBO LA NNE NI KUJARIBU. Mmoja akae ndani ya gari na mwingine asimame nyuma. Kiungo kikiisha kujifunga, inueni mtaimbo wa tela kwa jeki yake: nyuma ya gari ikiinuka pamoja nao, kiungo kimeshika, kikichomoka, mmeokoka mkiwa mngali uwanjani. Shusheni tena. Washeni taa moja moja, kisha zote pamoja. Tazameni magurudumu na kamba za mzigo. Endeni hatua hamsini, pigeni breki, shukeni mtazame tena.

Njiani, dereva asikimbie. Katika mteremko kama ule wa kutoka Limuru hadi Mai Mahiu atumie gia ndogo tangu juu, asingoje breki zipate moto. Tela likianza kuyumba, aondoe mguu polepole kwenye mafuta na kushika usukani sawa; asipige breki kwa nguvu wala asiongeze mwendo. Nalo tela liwe na namba yake lenyewe, ile inayoanza na herufi Z, na bima.

Ndugu wanachama, twajua jinsi mambo yalivyo siku ya msiba. Watu wanalia, mzee wa boma anauliza hema liko wapi, na kila mtu amwambia dereva, "Twende, twende." Ni vigumu mtu mmoja kusimama na kusema, "Ngojeni, sijajaribu." Ndiyo maana hatutaki kumwachia dereva peke yake mzigo huo. Twaomba mkutano huu upitishe kanuni moja: tela la tawi lisitoke uwanjani mpaka wanachama wawili, yaani dereva na mwingine, wamelijaribu na kutia sahihi zao katika daftari la Katibu. Dereva akiharakishwa, ajibu kwamba ndiyo kanuni ya chama, naye hatalaumiwa.

Tumenunua tela hili ili kumsindikiza mwenzetu kwa heshima. Lisije likawa sababu ya kutuita kwenye msiba wa pili.

Ndugu Mwenyekiti, twaiweka kanuni hiyo mbele ya mkutano.