Kompyuta Yaweza Kumtambua Mwizi?



Swali lililoletwa kwetu ni hili: je, ni kweli kwamba kompyuta yaweza kumtambua mwizi kabla hajaiba?

Haiwezi. Iwezayo ni kukadiria. Mwangalieni mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Humtazama dume, hutaja kilo, kisha mzani humwonyesha alipokosea. Baada ya ng'ombe mia kadhaa, jicho lake huukaribia mzani. Mashine hufunzwa vivyo hivyo: hupewa mifano yenye majibu, hukisia, hupimwa kosa lake, na namba zilizo ndani yake husogezwa kidogo kidogo mpaka kosa lipungue. Ng'ombe ni nini, haijui. Na mnunuzi yule ukimpeleka mwaloni akadirie sangara, jicho lake halitamfaa.

Polisi wa Los Angeles, Marekani, walitumia programu iitwayo PredPol. Ilisoma aina, mahali na wakati wa makosa yaliyokwisha kuandikwa, ikachora miraba ya takriban mita 150 kila upande ambamo doria zipelekwe. Aprili 2020 waliiacha. Wakuu walitaja uhaba wa fedha. Wakosoaji walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba doria zilirudishwa mitaa ile ile ya Wamarekani Weusi na Walatino. Naona malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Mashine ile ilifunzwa kwa taarifa zilizoandikwa na polisi tu. Palipo na askari wengi huandikwa makosa mengi. Yakiandikwa mengi, mashine huagiza askari zaidi.

Hapa mpakani kasoro hiyo yaweza kugeukia upande mwingine. Ng'ombe akiibwa usiku na kuvushwa, wengi wenu humfuatia wenyewe, au hunyamaza kwa kuogopa kuitwa wasaliti, au, tusifichane, kwa kuchoshwa na kituo. Kwa mashine, kijiji kilichonyamaza ni kijiji chenye amani. Hata sisi tunaotumia daftari na kalamu hupanga doria kwa namna iyo hiyo.

Kwa hiyo ukija kituoni, taja siku, saa, njia waliyopita, rangi ya mnyama na chapa yake. Kabla hujaondoka, omba namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kuandikisha taarifa ni bure. Askari akikataa kuiandika, mwone mkuu wa kituo, au njoo ofisini kwangu.

Sasa nayapokea maswali. Tuanze na wazee.