Jinsi Maneno ya Haki Yanavyopimwa

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Gatuanyaga



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kamati zinazotunga maandiko ya haki za binadamu. Huenda mtu akauliza: mambo ya Geneva na Banjul yatuhusu nini sisi wa Gatuanyaga, tuliokutana kuhesabu ada, kuwafariji wafiwa na kusaidia karo za watoto? Yatuhusu sana, maana uhuru wa chama kama hiki kuwapo umo ndani ya maneno machache, na maneno hayo yalibishaniwa na watu kabla ya kuandikwa.

Tuanze na Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948. Nchi 48 zilikubali, 8 zilijizuia kupiga kura, wala hapana iliyopinga. Tume iliyolitunga iliongozwa na Bibi Eleanor Roosevelt wa Marekani. Katika rasimu ya Kiingereza lilitumika neno ambalo laweza kufahamika kuwa ni wanaume tu. Bibi Hansa Mehta wa India alisimama akalipinga, akisema ziko nchi zitakazolishika neno hilo na kuwaacha wanawake nje. Hatimaye likaandikwa neno la kuwataja binadamu wote. Sisi wenye Kiswahili tuna bahati, kwani tukisema "mtu" tumemtaja mume na mke pamoja. Lakini kama bibi yule angalinyamaza kwa kuona haya, neno lile lingaliweza kubaki.

Sasa tuje kwetu Afrika. Mwaka 1979 wakuu wa nchi za Afrika, walipokutana Monrovia, waliagiza ifanywe rasimu ya mkataba wa haki za bara hili. Mabingwa wa sheria walikutana Dakar mwishoni mwa mwaka huo, wakiongozwa na Jaji Kéba Mbaye wa Senegal. Rais Senghor aliwahimiza watazame mila na desturi za Waafrika, wasinakili tu kazi ya wengine. Ndiyo sababu mkataba ule unataja wajibu pamoja na haki. Kifungu cha 29 chamtaka mtu awaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wakiwa na haja. Nadhani hapana mzee hapa atakayekibishia kifungu hicho.

Rasimu ikapelekwa kwa mawaziri mjini Banjul. Mwezi Juni 1980 walikaa, na walipoondoka walikuwa wamemaliza utangulizi na vifungu 11 tu. Iliwabidi warudi Januari 1981 ndipo wakamaliza vyote 68. Mwezi Juni mwaka huo huo mkataba ulikubaliwa na wakuu wa nchi hapa hapa Nairobi. Ulianza kutumika tarehe 21 Oktoba 1986, na Kenya ilijiunga nao mwaka 1992.

Wazee wangu, nawaomba mtulie juu ya kifungu cha 10. Chasema kila mtu ana haki ya kujiunga na wenziwe kwa hiari, ilimradi afuate sheria. Sehemu ya kwanza yafungua mlango. Maneno yale ya mwisho yauacha ufunguo mkononi mwa serikali, kwa kuwa serikali ndiyo iandikayo sheria. Mtakumbuka kwamba mwaka 1980 Serikali ya Kenya iliagiza vyama vya ustawi vilivyosimama juu ya kabila vivunjwe, GEMA na Luo Union vikiwamo. Wako miongoni mwetu waliokuwa watu wazima siku hizo. Basi wanajua kuwa kifungu chenye "ilimradi" ni kama zizi lenye pengo: hulala salama siku ambayo hapana mwizi.

Je, maneno yakishaandikwa vibaya, mambo yamekwisha? La. Mkataba uliunda Tume ya Afrika yenye wajumbe 11. Mwaka 1995, katika shauri juu ya chama cha mawakili wa Nigeria, Tume ilisema kwamba serikali zisitunge sheria za kuubana uhuru huu hata zikavunja haki zilizowekwa na katiba na kanuni za mataifa. Mwaka 2017 ikatoa mwongozo mzima juu ya uhuru wa kujiunga na kukutana. Hivyo pengo likaanza kuzibwa kwa maneno mengine, yaliyopimwa vile vile.

Kule Geneva iko Kamati ya Haki za Binadamu yenye wajumbe 18. Kila mmoja hukaa kwa nafsi yake, si kwa kutumwa na serikali. Wanapotaka kufafanua haki fulani, mjumbe mmoja hupewa kazi ya kuandika rasimu. Kisha husomwa aya kwa aya mbele ya watu. Baada ya somo la kwanza hutangazwa, ili serikali, vyama na wananchi walete maoni. Ndipo husomwa mara ya pili. Ufafanuzi juu ya haki ya kukutana kwa amani, ulioandikwa na Profesa Christof Heyns wa Afrika Kusini, ulipitishwa kwa njia hiyo mwezi Julai 2020. Wajumbe hujitahidi wapatane pasipo kura, kama wazee wa Kikuyu wanavyojitenga kando katika ndundu, wasirudi ila wana neno moja.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imetufaa zaidi. Kifungu cha 36 chasema chama kisinyimwe usajili bila sababu ya haki, wala usajili usifutwe kabla wenyewe hawajasikilizwa. Mwaka 1980 ulinzi wa namna hiyo haukuwamo katika katiba.

Basi naleta shauri mbele yenu. Kanuni yo yote mpya ya chama chetu isomwe mara mbili: mara ya kwanza hapa mkutanoni, kifungu kwa kifungu, kisha wanachama waende nayo nyumbani mwezi mzima kabla ya kuipitisha. Mwenye kupinga neno alete na neno la kuweka mahali pake. Na kila mkutapo "ilimradi", "isipokuwa" au "kwa hiari ya kamati", simameni mwulize: ufunguo huu twamwachia nani? Aulizaye hivyo asihesabiwe mkorofi. Analinda haki ya mjane atakayekuja kudai msaada wake miaka ishirini baadaye, wakati sisi tulioandika hatupo tena kueleza tulikusudia nini.