Lugha ya Mnunuzi

Kijana wa Mwanakwerekwe hapa Zanzibar, aliyezoea kusikia viungo vya soko letu vikinadiwa kwa Kiswahili, hana budi kutambua kwamba viungo vile vile, vikifika mbele ya mgeni wa Kitaliano kule Kiwengwa, vyataka msemaji awezaye kueleza kwa lugha ya mgeni huyo kuwa karafuu ni tumba lililochumwa kabla halijachanua, likaanikwa juani hata likageuka hudhurungi, na kwamba iliyo njema, ukiiminya kwa ukucha, hutoa mafuta. Maelezo hayo ndiyo yauzayo. Kukariri salamu na bei tu hakutoshi, nami naona ni hasara kubwa vijana wetu kuishia hapo.

Na elimu ya lugha yenyewe haiko mbali. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, ya pale Vuga, ambayo baadaye iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imefundisha wengi. Mwenye ilimu ya masoko akaongeza Kitaliano, Kifaransa au Kijerumani, aweza kutunga tangazo la hoteli, kujibu barua ya mwagizaji wa Hamburg, na kujadiliana naye bei pasina dalali.